Dakika Kumi na Mbili

Sufuria la umeme lilikaa miezi minne kabatini,
ndani ya boksi lake, halijavuliwa nailoni,
kwa sababu Bi Mwanamgeni, mama mkwe wangu,
alisema: mimi na bomu hatulali nyumba moja.

Ana haki yake. Harusi ya Mwanamkasi, pale Makorora,
presha ya maharage iliruka,
kifuniko kikatoboa bati kikatua kwa jirani,
na maharage yakaganda kwenye boriti
hata Maulidi yakasomwa chini yake.

Lakini Jumamosi hii gesi imeisha,
mkaa umelowa mvua ya vuli,
na Mhina kashawaahidi watu kababu za mchuzi,
Mhina, asiyejua kitunguu humenywa kuanzia wapi.
Basi nikalitoa. Nikalifuta. Nikalichomeka.
Likatoa mlio mmoja, mdogo, wa kifaranga.
"Limesemaje?" akauliza, yuko mlangoni.
"Limesema shikamoo."
"Marahaba." Na hakusogea.

Nyama ni ya Mgandini, kilo na nusu,
nilimsimamia mwenye mashine mpaka akanuna.
Nikaloweka boflo la jana, nikalikamua,
yai, thomu, tangawizi, kotimiri,
bizari nyembamba kidogo.
"Kidogo cha nani?"
Akaja. Hakulijia sufuria, aliijia bizari.

Bi Mwanamgeni hatwangi tena.
Tangu mwaka juzi mkono wa kulia unatetemeka,
sindano ya kofia kamwachia mjukuu,
noti anazihesabu mara tatu.
Hatulisemi hilo, hapa Barabara ya Kumi na Sita.
Tunammiminia chai nusu kikombe, basi.

Zangu zilitoka kama viazi vya Lushoto,
nundu huku, bonde kule.
Akanitazama kwa huruma ya mkwe, ile yenye makali.
Akalowesha viganja, akachota donge,
na mkono ukaanza mambo yake,
na donge likazunguka, likazunguka
ndani ya ule mtetemeko,
likatoka mviringo kama gololi.

Akaligeuza. Akachota jingine.
La tatu.
"Kumbe mkono huu," akasema taratibu,
"ulikuwa unatafuta kazi."

Thelathini na saba. Mimi nilikatazwa kugusa.
Nyanya, tui zito, pilipili mbuzi nzima isipasuliwe,
nikazipanga moja moja, nikafunga,
nikabonyeza kitufe chenye picha ya bakuli.

Kimya.
"Mbona halipigi kelele?"
"Ndivyo lilivyo, mama."
"Mkimya ndiye wa kumwogopa."
Akavuta tasbihi, akahesabu dakika kwa punje,
akanikosoa: saa yako inachelewa.

Nilipolisukuma lile pua kwa mwiko
mvuke ukafoka hadi darini,
na nilipogeuka, mkwe wangu hayupo:
yuko uani, nyuma ya pipa la maji,
kambeba paka wa watu,
kanga kajifunika yeye na paka.
"Limekufa?"
"Limeivisha."

Wageni walikula wakajiramba vidole.
Hakuna iliyopasuka. Mhina akainua moja kwa uma,
akaizungusha kwenye taa:
"Sufuria hili lina akili. Angalia zilivyo sawa!"
Nikafungua mdomo. Bi Mwanamgeni akanikanyaga.
"Lina akili," akasema. "Tatizo lake halitii chumvi."

Usiku, vyombo vimeoshwa, nikammiminia chai.
Nikafika nusu, nikasita,
nikajaza.
Akakishika. Chai ikaruka ukingo, ikajaa sahanini.
Akaweka kikombe chini, akainua sahani,
akapuliza,
akanywa humo humo kwa sauti,
kama wanywavyo watoto, na wazee wasio na deni.

"Kesho," akasema, "usilirudishe kabatini.
Ila liweke mbali na kitanda changu."